Kwa nini watoto wakimaliza kuchora msitu wa mvua wanakumbuka wanyama tu, msitu wenyewe hawaujui?

#1 Karatasi Kahawia

Salaam wakuu.

Kuna jambo linajirudia sana kwa wanaofundisha watoto wa miaka 7 hadi 11 kwa kazi za sanaa za pamoja. Watoto kama 30 wanapewa karatasi kubwa ya ukutani, wanapaka rangi wiki nzima, kazi inatoka ya kupendeza. Halafu unamkalisha mtoto mmoja mmoja unamuuliza: msitu wa mvua ni nini? Anajibu kuna jagwa, kuna kasuku, kuna nyani. Kwa nini chini kuna giza? Kimya. Kwa nini mizizi imetokeza juu ya ardhi? Kimya. Mvua ikinyesha maji yanakwenda wapi? Kimya.

Mimi nasema kosa liko kwenye mpangilio wa kazi, watoto hawana kosa. Tunaanza na wanyama kwa sababu wanavutia, msitu unabaki rangi ya kijani nyuma yao. Nani ana mpangilio unaoufanya msitu uwe ndiyo somo? Naomba hatua na vipimo, maneno ya "wahamasisheni watoto" tumeshayasikia.

#2 Fundi Katoni

Mleta uzi, umegusa penyewe, ila mimi chanzo nakiona kwenye kipimo. Mchoro usio na kipimo, kasuku anatoka mkubwa kuliko kichwa cha mti, na jicho la mtoto linafuata kilicho kikubwa. Fanya hivi.

Chukua sentimita 4 kwa kila mita 1. Mti mrefu unaochomoza juu ya wenzake, wa mita 55, unakuwa sentimita 220, na unaenea kwenye ukuta wa kawaida. Dari la msitu, pale vichwa vya miti vinapokaribiana, uliweke kati ya sentimita 100 na 160. Miti midogo ya chini ya dari iishie sentimita 80. Vichaka na miche sentimita 20. Mtoto wa mita 1.25 anakuwa sentimita 5. Kabla ya kitu kingine chochote, kila mtoto ajichore kwa kipimo hicho, ajikate, ajibandike chini kabisa ya karatasi tupu. Hapo ndipo wanaanza kuuliza maswali, kwa sababu wanaona urefu uliobaki juu ya vichwa vyao.

Gorila dume akisimama hafiki hata sentimita 8. Jagwa bila mkia ni kama 6. Kasuku wa kijivu wa Afrika ana urefu wa sentimita 33 hivi, kwenye ukuta wako atakuwa sentimita 1.3. Mnyama inabidi atafutwe ndani ya majani, na msituni ndivyo ilivyo.

Shina la kipenyo cha mita 1.5 ni sentimita 6. Watoto wana tabia ya kuanzisha matawi chini karibu na ardhi. Kwa mti mrefu, tawi la kwanza lisianze chini ya sentimita 110.

Karatasi: ya kahawia yenye upana wa mita 1, vipande 3 vya mita 2.4, vipishane sentimita 3, gundi mbele na selotepu ya karatasi kwa nyuma. Ipakwe rangi ikiwa imelala sakafuni. Ikisimama rangi inachuruzika na mashina yote yanaota ndevu.

#3 Chekechea Kwanza

Fundi, kwa watoto wa miaka 5 na 6 hiyo haitekelezeki. Mkasi wa mtoto wa umri huo unakata vizuri umbo la sentimita 8 kwenda juu. Ukimpa kasuku wa sentimita 1.3 atakata kichwa, atalia, na utaishia kukata wewe.

Halafu karatasi ya upana wa karibu mita 3 ikilala sakafuni, wanaoweza kuizunguka bila kukanyaga rangi ni 8, wakizidi sana 10. Wale 20 wengine wanafanya nini?

#4 Fundi Katoni

Mwalimu, wale 20 wanafanya miduara ya kukuzia. Kata kadibodi ya duara, kipenyo sentimita 20. Ndani ya duara mtoto anachora kitu kimoja kwa ukubwa anaoweza: chura, uyoga, mchwa, ua la okidi. Unazipanga pembeni mwa mchoro mkubwa, na kutoka kila duara unavuta uzi hadi kwenye nukta ndogo mahali hasa kitu hicho kinapoishi. Mchoro mkubwa unabaki na kipimo chake, wadogo wanapata nafasi ya mikono yao.

Angalizo: uzi ubandikwe mwisho kabisa. Ukiwahi kuuweka, kila anayepita na brashi anaunasa.

#5 Brashi Pana

Naheshimu vipimo vya Fundi, lakini unaweza kuwa na kipimo sahihi na mtoto akabaki vilevile. Mimi chanzo nakiona kwenye mgawanyo wa makundi. Kila mtu anagawa kwa tabaka: kundi la sakafu, kundi la miti ya kati, kundi la dari, kundi la juu. Matokeo yake mtoto wa sakafu anajua uyoga basi, na wa dari hajui kama chini kuna uyoga. Umefundisha vipande vinne, msitu hujafundisha.

Gawa kwa uhusiano. Kundi la watoto 5 lipewe mnyororo mmoja unaopanda na kushuka kwenye tabaka zote. Mfano mzuri ni mti wa karanga za Brazili huko Amazon, unaofika kama mita 50. Ua lake lina kifuniko kizito, na linafunguliwa na nyuki wenye miili mikubwa, wakiwemo nyuki wa okidi. Madume wa nyuki hao hukusanya manukato kwenye maua ya okidi zinazoota juu ya miti. Tunda linaweza kufika kilo 2, linaanguka lenyewe, na mnyama anayelitafuna ganda lake kwa meno ni aguti, panya mkubwa wa sakafuni. Mbegu nyingine anazifukia akiba, asizozirudia zinaota. Mtoto mmoja afanye okidi, mmoja nyuki, mmoja mti na ua, mmoja tunda, mmoja aguti na mche. Hakuna anayeweza kumaliza kipande chake bila kumuuliza jirani ataunganisha wapi.

Mnyororo wa pili: chura mdogo mwekundu wa sumu wa Amerika ya Kati. Mayai yanatagwa kwenye majani makavu chini. Kiluwiluwi akitoka, mama anambeba mgongoni, anapanda naye mtini, anamweka kwenye maji yaliyotuama katikati ya bromelia, mmea unaoota juu ya miti na majani yake yamejipanga kama kikombe, na anarudi kumlisha mayai yasiyorutubishwa. Mtoto akishamchora mama akipanda shina, hasahau tena kwamba sakafu na miti ni nyumba moja.

#6 Mama Gundi

Nakazia #5. Hiyo bromelia inatengenezeka vizuri kwa kikombe cha karatasi: kata kuta zake vipande 8 kutoka mdomoni, acha sentimita 2 za chini bila kukata, kunja vipande kwa nje kwa penseli, kisha funga majani mengine 8 ya manila kuzunguka. Chini weka kijiko kimoja cha gundi nyeupe, ikikauka inang'aa na kuonekana maji. Usizidishe, gundi nene inakauka juu na kubaki maziwa ndani.

Kwa upande wa Afrika, mnyororo uwe wa bonde la Kongo: gorila, bonobo (jamaa wa sokwe), okapi (jamaa wa twiga) na tembo wa msituni kwenye ukuta mmoja. Watoto wanapenda sana.

#7 Ramani Mkononi

Dada Mama Gundi, bonobo atoke hapo. Bonobo anaishi upande wa kusini wa Mto Kongo tu, ndani ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Gorila na sokwe wa kawaida wako ng'ambo ya pili. Mto umewatenganisha kwa muda mrefu sana. Na okapi yuko nchi hiyohiyo, lakini makao yake makuu ni misitu ya kaskazini mashariki. Ukiwaweka wote chini ya mti mmoja umechora mahali pasipokuwepo.

Na hii ndiyo hoja yangu kwa mleta uzi. Watoto hawaujui msitu kwa sababu tunawachorea msitu usio na anwani. Orangutani anakaa visiwa vya Borneo na Sumatra huko Asia tu. Jagwa, tukani na slothi ni wa Amerika. Simba, twiga na pundamilia wanaingizwa kila mara, na makazi yao ni nyika na savana. Tukani na hondohondo wanachanganywa kwa sababu wote wana midomo mikubwa, lakini hondohondo ni wa Afrika na Asia, na hao ndege hawana undugu wa karibu. Bromelia nazo, ukiacha spishi moja ya Afrika Magharibi, zote asili yake ni Amerika, kwa hiyo usizitundike kwenye mti wa Kongo.

Chagua msitu mmoja. Siku ya kwanza watoto wachore ramani yake tu, na mto mkuu, na mstari wa ikweta. Karatasi moja ya manila kwa kila kundi inatosha. Baada ya hapo kila anayetaka kubandika mnyama aonyeshe kwanza kwenye ramani.

#8 Mama Gundi

Sawa, bonobo anavuka mto. Basi Kongo ya kaskazini ibaki na gorila na tembo wa msituni, na mnyororo wake ni huu: tembo anakula matunda, anatembea mbali, mbegu zinatoka na kinyesi. Kinyesi kinatengenezwa kwa karatasi iliyolowekwa, na ndani yake mtoto anapanda mbegu za kweli zinazoota haraka. Kikiota juu ya sakafu ya mchoro, darasa zima linakuja kuangalia.

#9 Mizizi Mifupi

Habari wakuu. Nimesoma #2 hadi #8 na hakuna aliyetaja udongo, na hapo ndipo kimya cha watoto kinapoanzia. Karibu kila mchoro una mkanda mnene mweusi chini, "udongo wenye rutuba". Kwa sehemu kubwa ya misitu ya mvua ya tropiki hiyo si kweli. Udongo umesuzwa na mvua kwa muda mrefu, ni mwekundu au wa manjano, na rutuba nyingi iko kwenye miti yenyewe na kwenye majani yanayooza juu. Joto na unyevu vinaozesha haraka, kuvu na mchwa wanamaliza kazi, mizizi inanyonya kabla mvua haijabeba. Kuna maeneo yenye udongo mzuri, hasa penye asili ya volkano, lakini mchoro wa kufundishia uonyeshe hali ya wengi.

Kwa kipimo cha Fundi: safu ya majani makavu ni mstari mwembamba, chini ya sentimita 1. Chini yake mizizi midogo mingi ijae kwenye sentimita 1.2 za juu, yaani sentimita 30 halisi. Zilizobaki zote pakeni udongo mwekundu mtupu. Rangi: kahawia sehemu 2, nyekundu 1, manjano nusu.

Mtoto akishaona mti wa sentimita 220 umesimama juu ya mizizi ya sentimita 1.2 atauliza mwenyewe mbona hauanguki. Hapo ndipo unatoa kadibodi ya mizizi mipana ya kuegemeza. Pembetatu 3 hadi 5 kwa kila mti mkubwa, urefu sentimita 20, kitako sentimita 8. Acha ukingo wa sentimita 1.5 wa kukunja na kubandikia kwenye shina. Kadibodi ikatwe mistari yake ya ndani ikiwa imesimama wima. Ikilala, pembetatu inajikunja yenyewe ikipigwa na unyevu wa gundi.

#10 Kijani Tatu

Mizizi Mifupi leo umeamka na jembe.

Kuhusu giza: watoto waelewe kwa macho. Boksi la viatu, ndani mti mdogo na wanyama, tundu la kuchungulia ubavuni. Juu funika karatasi ya plastiki ya kijani inayopitisha mwanga, ongeza moja moja mpaka sita. Kila ikiongezwa wanachungulia.

#11 Mizizi Mifupi

Ile plastiki inapotosha, mkuu. Inapitisha mwanga mwingi wa kijani, ndani kunakuwa kama kwenye chupa. Hata ukiweka sita bado kunang'aa, na mwanga unaingia sawasawa kila mahali. Sakafu ya msitu mnene inapata takriban asilimia 2 ya mwanga wa juu, na sehemu kubwa ya huo inakuja kama madoa ya jua yanayohama.

Chukua karatasi nyeusi nzito. Chora miraba 100, kumi kwa kumi. Kata miraba 2 tu, popote watoto wanapokubaliana. Funika boksi, peleka juani. Mtoto anaona madoa mawili ya mwanga sakafuni na giza kwingine kote. Geuza boksi polepole, madoa yanahama. Sasa muulize mche aupande wapi. Mipaka ya boksi izibwe kwa selotepu nyeusi, maana mwanga unaopenya kwenye kona ni mwingi kuliko ule wa miraba miwili.

#12 Kijani Tatu

Miraba ni mizuri kwa hesabu, lakini majani hayakatwi kwa rula. Nyingine inayofaa zaidi ni kutoboa kwa sindano nene: matundu madogo mengi, kisha kuegesha karatasi ya pili iliyotobolewa vingine juu yake. Matundu yanayokutana ni machache. Hapo mtoto anaelewa kwamba giza linatoka kwenye kupishana kwa majani ya miti mingi, mti mmoja peke yake haufanyi giza hilo. Ya miraba inampa asilimia, sababu haimpi.

Na tukiwa kwenye kijani: tafadhali msitoe chupa ya kijani tayari. Toa manjano, bluu, nyekundu kidogo na nyeusi kidogo sana. Manjano 3 kwa bluu 1 ni majani ya juu yanayopigwa na jua. Manjano 1 kwa bluu 1 na chembe ya nyekundu ni dari kwa chini. Bluu ikizidi, na nyeusi kwenye ncha ya brashi, ni miti ya chini. Kundi lichanganye kwenye makopo matatu ya kutosha siku nzima, maana kijani cha leo hakitafanana na cha kesho.

Kitu ambacho watoto hawakitarajii: kwenye miti mingi ya msitu wa mvua majani machanga yanatoka mekundu au ya waridi, yamelegea, kisha yanakomaa kuwa ya kijani. Weka matawi mawili matatu hivyo ukutani. Mgeni akisema mmekosea rangi, mtoto ndiye anayemweleza.

#13 Chekechea Kwanza

Ahsante Kijani, hiyo ya majani mekundu inawafaa hata wa miaka 5: wanapaka kiganja rangi na kugonga karatasi.

Swali: karatasi zilizolowekwa kwenye uji wa unga zinaota ukungu kila mara, hasa mashina manene. Mnafanyaje?

#14 Mama Gundi

Ukungu unaletwa na mambo mawili: safu nyingi kwa mara moja, na uji usiopikwa. Unga wa ngano kikombe 1 uvuruge kwenye maji baridi kikombe 1 mpaka madonge yaishe. Mimina kwenye vikombe 3 vya maji yanayochemka, koroga dakika 2 au 3 mpaka uive na kung'aa. Epua, tia chumvi vijiko vikubwa 2, upoe kabisa kabla mtoto hajagusa.

Karatasi ichanwe kwa mkono vipande vya upana wa sentimita 3. Ukingo uliochanwa unalala, wa mkasi unasimama. Kamua kila kipande katikati ya vidole viwili. Safu 3 tu kwa siku, halafu saa 24 penye upepo. Shina liwe na uwazi katikati, kiunzi cha kadibodi iliyoviringishwa, hewa ipite juu na chini. Ukijaza magazeti ndani ya shina, katikati hakukauki.

Mahali penye unyevu mwingi achana na uji, tumia gundi nyeupe sehemu 2 kwa maji 1.

#15 Ramani Mkononi

Mvua yenyewe mbona imesahaulika? Misitu mingi ya aina hii inapata milimita 2,000 au zaidi kwa mwaka. Hiyo ni mita 2. Kata mkanda wa karatasi ya bluu wa mita 2, usimamishe kando ya mchoro, mwambie mtoto asimame karibu: maji ya mwaka mmoja, yangetuama yote bila kwenda popote, yangempita kichwa.

#16 Fundi Katoni

Ukanda huo ni mzuri lakini usiwe kando ya mchoro. Mchoro ni sentimita 4 kwa mita, ukanda ni kipimo halisi. Vikikaa pamoja mtoto anasoma mvua ya mita 50, karibu kufika kileleni. Kwenye mchoro, mita 2 za mvua ni sentimita 8. Ukanda halisi uende ukuta wa pili, au mlangoni.

#17 Brashi Pana

Na maji hayo yanakwenda wapi, lile swali la mleta uzi? Sehemu kubwa inarudi hewani kupitia majani. Funga mfuko wa plastiki angavu kwenye tawi lenye majani mengi asubuhi penye jua, uache saa 3 au 4. Matone yanajikusanya ndani. Baada ya hapo watoto wabandike mishale miwili ukutani, mmoja wa mvua kushuka, mmoja wa mvuke kupanda, na wingu liwekwe mbele ya upepo. Amazon inanyeshewa na bahari na inajinyeshea yenyewe, na unyevu wake unabebwa mbali na upepo.

Mishale hiyo ichukue nafasi ya kile kichwa cha habari "Mapafu ya Dunia".

#18 Kijani Tatu

Kwani mapafu yana shida gani? Si Amazon ndiyo inayotoa asilimia 20 ya oksijeni ya dunia?

#19 Mizizi Mifupi

Hiyo asilimia 20 inazunguka kila mahali, ila haisimami. Msitu uliokomaa unatoa oksijeni nyingi mchana na unaitumia karibu yote: miti yenyewe inapumua usiku na mchana, na kuvu na bakteria wanaoozesha wanatumia iliyobaki. Kinachobaki ni karibu sifuri. Oksijeni tunayovuta ilijikusanya hewani kwa mamilioni ya miaka. Sababu za kuulinda msitu ni kaboni iliyofungwa kwenye mbao na udongo, mvua aliyoisema Brashi, na uhai uliomo: hii misitu imefunika takriban asilimia 6 ya nchi kavu tu, na inadhaniwa kuwa na zaidi ya nusu ya spishi za nchi kavu.

Kaboni inachoreka. Upande mmoja wa kila shina upakwe mistari ya mkaa, na mtoto aambiwe mkaa huo ulikuwa hewani kabla ya kuwa mti. Puliza gundi nyeupe iliyozimuliwa juu yake, la sivyo kila anayeegemea ukuta anaondoka nao.

#20 Mama Gundi

Wengine hufanya zoezi la kukata: mchoro ukishakamilika, watoto wanang'oa mti mmoja mkubwa waone vinavyoanguka navyo. Mnalionaje?

#21 Chekechea Kwanza

Chini ya miaka 9, hapana kabisa. Mtoto mdogo amefanya kazi wiki nzima, unamng'olea mbele yake. Anachokumbuka ni huzuni na hasira, na msitu unakuwa kitu cha kuogopa kukifikiria. Kwanza aupende.

#22 Brashi Pana

Kwa miaka 10 na 11 linafaa likiandaliwa. Mti wa kung'olewa uwe umeshikizwa kwa vibanio tangu mwanzo, na watoto wajue. Kabla ya kuutoa, kila kundi liandike litakachopoteza. Mti ukitoka, waangalie mambo mawili: nyuzi zilizokatika, na mwanga ulioingia. Kwa sababu mti ukianguka wenyewe, pengo lile ndilo linaloamsha miche iliyokaa gizani miaka. Pengo moja msitu unaliziba. Ukifyeka kote, hakuna mbegu jirani na udongo ule mwekundu wa #9 unabaki wazi kwa mvua. Tofauti ya pengo na kufyeka ndiyo somo, na usipoitoa zoezi linageuka kuvunja tu.

#23 Kijani Tatu

Naomba niwachokoze wote wenye tabaka nne. Msituni hakuna mistari. Ni wataalamu walioigawa, na misitu mingi ukiipima majani yapo mfululizo kutoka chini hadi juu. Watoto wakichora mikanda minne ya rangi tofauti wanajifunza keki ya ngazi nne. Mimi ningefuta mistari yote, nikaacha rula ya mita ubavuni, kila kiumbe kibandikwe kwa urefu wake.

Na vichwa vya miti visipishane ovyo. Kuna miti ambayo vichwa vyake huachiana mwanya kama wa nusu mita, unaona mbingu kwa mistari. Kwa kipimo chetu ni sentimita 2.

#24 Fundi Katoni

Rula ya ubavuni naikubali. Mwanya wa vichwa uwe kwa baadhi ya miti tu, si spishi zote zinafanya hivyo, na mitambaazi mikubwa kazi yake ni kuunganisha vichwa. Kamba ya katani iliyosokotwa mara mbili na kuchovywa kwenye gundi inatoa mitambaazi mizuri. Lakini mistari ya tabaka ina kazi yake kwa mtoto anayeanza, anahitaji pa kushika.

Ramani, ukichagua Borneo andaa dari la chumba. Kule Sabah kuna mti wa meranti wa manjano uliopimwa mita 100.8. Kwa sentimita 4 ni zaidi ya mita 4. Upandishe ukutani, ukunje kwenye dari la chumba, uendelee juu ya vichwa vyao.

#25 Ramani Mkononi

Huo naukubali, mwisho wake uwe juu ya meza ya mwalimu.

Ila narudi kwa mleta uzi. Huenda watoto wanajua na swali lako ndilo halifai. "Msitu wa mvua ni nini" ni swali la kamusi, hata mtu mzima atataja wanyama. Mpe mtoto kipande kisichokuwepo ukutani, kwa mfano jani pana jembamba nchani, au mche wenye majani mekundu, umwambie: kiweke panapostahili na uniambie sababu. Mkono wake utakujibu. Mtoto anayeweka mche kwenye doa la jua ameelewa, hata akishindwa kulisema.

#26 Karatasi Kahawia

Nashukuru wakuu, nimesoma yote. Sijashawishika na #25 moja kwa moja: mtoto anaweza kuweka mche kwenye doa la jua kwa sababu panapendeza. Sababu lazima aitamke. Lakini mtihani wa kipande nitauweka pamoja na maswali, siyo badala yake.

Kwa hiyo mpaka sasa kuna kipimo cha Fundi, minyororo ya Brashi, anwani ya Ramani na udongo wa Mizizi, na kila mmoja anasema chake ndicho chanzo. Njia ya kujua ni makundi mawili ya umri mmoja: moja ligawanywe kwa tabaka lakini lenye kipimo kamili, jingine kwa minyororo bila kipimo, maswali yaleyale.

Swali la mwisho kabla ya kuanza: karatasi ikibeba kadibodi, mashina na kamba inakuwa nzito. Inatundikwaje isidondoke usiku?

#27 Fundi Katoni

Usitegemee selotepu. Ukingo wa juu wa karatasi ukunje sentimita 6 kuzunguka fito au ubao mwembamba wa mita 3, bandika kwa gundi nyeupe, acha usiku kucha chini ya uzito. Funga kamba sehemu 4 za fito, siyo 2, la sivyo katikati inapinda na miti yote inaegemea ndani. Mashina manene na mizizi ya kadibodi yasibebwe na karatasi: kila shina litobolewe juu, lipitishiwe kamba yake hadi kwenye fito, na chini likae sakafuni. Karatasi ibebe rangi na majani tu.

Fito nyingine iwe chini, nyepesi, ya kuzuia karatasi isijikunje. Na hilo kundi la minyororo lisilo na kipimo, mkuu, nina shaka nalo: bila kipimo okidi yao itatoka kubwa kuliko mti.

#28 Brashi Pana

Itoke kubwa. Nyuki ataiona.